Masomo ya chuo kikuu: feza inatoka wapi, na deni linabaki kwa nani?

Kila mwaka, kisha matokeo ya Exetat kutoka, furaha inakaa ndani ya nyumba siku mbili ao tatu. Poudre inamwagwa kichwani, majirani wanakuja kupongeza. Siku ya ine, hesabu inaanza: inscription, minervali, chumba, syllabus, transport, chakula. Hapo wazazi na vijana wanajiuliza swali lilelile: kwa nini kule Tanzania na Kenya serikali inapatia wanafunzi mkopo, na sisi huku Kongo hapana? Na kama mkopo wa serikali haupo, ile feza tunayokopa huku na kule inatugharimu kiasi gani kweli?

Katika makala hii tunaeleza mambo mane: sheria inasema nini, ginsi bourse za zamani zilivyokufa, njia ambazo familia za mashariki zinatumia leo, na mambo ya kuangalia mbele ya kusaini karatasi ya deni ao kuweka parcelle kwenye gage.

Gratuité inaishia kwenye shule ya msingi

Watu wengi walisikia neno "gratuité" na wakafikiri ni kwa elimu yote. Hapana. Katiba ya Kongo, kifungu cha 43, inasema masomo ya shule ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za serikali. Ndiyo hiyo serikali ilianza kutekeleza Septemba 2019. Sekondari haimo, na chuo kikuu hakimo. Sheria inayoongoza elimu ya taifa, tangu shule ya watoto wadogo mpaka chuo kikuu, ni ile ya tarehe 11 Februari 2014. Hata chini ya sheria hiyo, mwanafunzi wa chuo kikuu analipa.

Kwa vyuo vya serikali, kila mwaka wizara ya elimu ya juu inatoa maagizo juu ya masomo na juu ya malipo. Kisha kila chuo kinabandika orodha yake kwenye valve. Kwa vyuo vya binafsi na vya makanisa, bei inapangwa na chuo chenyewe. Pande zote mbili, mzazi anapashwa kujua kwamba jina "minervali" ambalo tunalizoea ni kipande tu cha malipo. Kando yake kuna malipo ya masomo yenyewe, kuna enrôlement mbele ya kuingia kwenye session ya mitihani, kuna stage, kuna kuandika na kutoa travail ya mwisho, kuna kuchukua diplome. Tena kuna vile ambavyo havimo kwenye orodha yoyote: syllabus, photocopie, intaneti, chumba, makala ya kupikia.

Ndiyo sababu familia nyingi zinashindwa katikati. Zilitafuta feza ya kuingia, hazikupiga hesabu ya kubaki. Mtoto anafika kwenye mwaka wa mwisho, amekwisha kula miaka na feza nyingi, halafu anakosa kiasi kidogo cha kumaliza. Anatolewa kwenye chumba cha mitihani juu ya deni, ao anamaliza lakini diplome inabaki kwenye ofisi mpaka alipe yote. Kwa familia, hasara ya namna hiyo inapita ile ya mtoto ambaye hakuanza.

Zamani ilikuwa aje?

Wazee waliosoma chuo kikuu miaka ya 1970 wanakumbuka mambo ambayo vijana wa leo wanasikiliza kama hadithi: bourse ya kila mwezi, chumba kwenye home, restaurant ya chuo, bus ya wanafunzi. Wakati ule vyuo vikuu vilikuwa vitatu tu. Lovanium ya Kinshasa ilianza 1954, chuo cha Lubumbashi 1956, na cha Kisangani 1963. Katika 1971 utawala wa Mobutu uliviunganisha vyote vitatu kuwa kimoja, Université nationale du Zaïre, yenye watu waliita UNAZA. Kilikuwa cha serikali, na serikali ndiyo ililipa. Wanafunzi walikuwa wachache, na Zaire ilikuwa bado inauza shaba kwa bei nzuri.

Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na deni la inchi likapanda. Septemba 1983, chini ya mapatano na Fonds monétaire international, serikali ilishusha sana bei ya pesa ya zaïre na ikakata matumizi. Elimu ilikuwa kati ya zile zilizokatwa. Chuo cha UNAZA kilikuwa kimekwisha gawanyika tena katika vitatu tangu 1981. Bourse zilianza kuchelewa, kisha kupungua, kisha kupotea. Miaka ya 1990 ilipofika, bei za vitu zilipanda mpaka bourse yenye ilibaki haingenunua kitu. Katika 1994 peke yake bei zilipanda karibu mara mia moja ndani ya mwaka mmoja.

Katika muda uleule, mambo mawili mengine yalitokea. La kwanza: tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi walianza kulipa walimu wa shule kwa njia ya "prime", kwa sababu mshahara wa serikali haukutosha tena. Ilisemwa ni kwa muda tu. Ikakaa karibu miaka makumi matatu. La pili: vyuo vya binafsi viliruhusiwa. Ndiyo wakati huo vyuo vya mashariki vilizaliwa: ULPGL ya Goma, Université catholique de Bukavu, Université catholique du Graben ya Butembo, Université évangélique en Afrique ya Bukavu. Makanisa na wakaaji walijenga wenyewe. Kwa mtoto wa Kivu, haikuwa tena lazima kupanda ndege kwenda Kinshasa ao kusafiri mpaka Kisangani. Ila anayelipa alibadilika, kutoka serikali mpaka mzazi.

Na kila wakati bei inapoguswa, moto unawaka. Januari 2020, wanafunzi wa Université de Kinshasa waliandamana juu ya malipo kupandishwa. Watu walipoteza maisha, masomo yakasimamishwa, na wanafunzi wakatolewa kwenye home. Jambo hilo lilionyesha wazi kwamba mzigo wa malipo uko karibu wote kwenye mabega ya familia, na kwamba familia haina tena pa kusogea.

Mkopo wa kweli wa Kongo ni familia

Tukisema Kongo haina mkopo wa wanafunzi, tunasema nusu ya ukweli. Upo, ila hauna ofisi. Watu wanasema: mukubwa asomeshe mudogo. Familia inakusanya nguvu zote juu ya mtoto mmoja, mara nyingi wa kwanza. Ngombe inauzwa, ao shamba la ndizi, ao mama anaongeza kilo kwenye soko. Yule akimaliza na akipata kazi, analipa deni lake kwa kusomesha anayemufuata, na huyo anasomesha mwingine. Hakuna mkataba wala riba, lakini kila mtu kwenye familia anajua deni ni la nani na limefika wapi.

Mfumo huu umesomesha sehemu kubwa ya waganga, walimu na wanasheria tulio nao. Lakini una sehemu tatu zinazouma.

Kwanza, yote inasimama juu ya mtu mmoja. Kama yule wa kwanza hakupata kazi, mnyororo unakatika, na wadogo wane ao watano wanabaki pale. Na kupata kazi siyo kupata mshahara. Kila mtu kwa mashariki anajua mwalimu ao muuguzi ambaye ni "nouvelle unité": anafanya kazi ya serikali miaka na miaka bila kulipwa, akingoja mécanisation.

Pili, deni lisiloandikwa halina mwisho. Kijana aliyesomeshwa na mjomba anaweza kulipa maisha yake yote na bado aambiwe hajalipa. Mwingine halipi kitu na hakuna wa kumuuliza. Ugomvi mwingi wa familia unaanzia hapo.

Tatu, feza ikitosha mmoja tu, mara nyingi msichana ndiye anabaki. Watu wanasema ataolewa, faida itaenda kwa watu wengine. Lakini angalieni ndani ya miji yetu ni nani anatuma feza nyumbani kila mwezi bila kukumbushwa. Kila familia inaweza kujibu yenyewe.

Milango ine ya kukopa, na bei ya kila mmoja

Familia ikiishiwa, inatafuta inje. Kwa mashariki milango ni ile tunayoijua: likelemba, AVEC ao MUSO, COOPEC, na Banque Lambert. Zote zinatoa feza, lakini bei zake hazifanani hata kidogo.

Likelemba ndiyo rahisi. Watu kumi wanatoa kila mmoja kiasi kimoja kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anabeba yote. Haina riba. Kama tarehe ya kulipa chuo inajulikana, omba nafasi yako iangukie mwezi ule. Hatari yake ni moja: yule aliyekwisha kubeba anaweza kuhama ao kuacha kutoa.

AVEC inafanya kazi tofauti. Watu kati ya 15 na 25 wanakutana kila juma, kila mmoja ananunua hisa kulingana na nguvu yake, na feza inawekwa ndani ya kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kutoka kisanduku hicho wanachama wanakopa, kwa kawaida kwa muda wa miezi mitatu, na wanarudisha na riba ndogo. Mwisho wa mzunguko, kisha miezi 9 mpaka 12, wanagawana yote pamoja na faida. Njia hii ilianza kule Niger katika 1991 na shirika CARE, ikaenea Afrika nzima. MUSO ni dada yake: kuna kasha ya akiba na kasha ya msaada kwa mwenye ugonjwa ao kilio. Uzuri ni kwamba riba unayolipa inarudi kwa wanachama, na wewe umo ndani.

COOPEC inaomba uwe mwanachama, uwe umeweka akiba muda fulani, na ulete dhamana. Ni nzuri kwa mfanyabiashara ao mwenye mshahara. Lakini kumbuka kwamba kuna COOPEC zilizoanguka na kupoteza feza za watu. Mbele ya kuweka akiba ya mtoto, uliza kama ina ruhusa ya Banque centrale du Congo, na uombe kuona hiyo ruhusa kwa macho.

Banque Lambert siyo benki. Ni mtu anayekopesha feza nyumbani kwake, haraka, bila maswali mengi, kwa riba kubwa, na mara nyingi anashika kitu: kadi ya benki ya mwalimu, televisheni, karatasi za parcelle. Watu wanaenda kwake wakati enrôlement inafungwa kesho asubuhi.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme unatafuta dollar 200 kwa miezi mitatu.

Ukikopa kwenye AVEC kwa riba ya 5 kwa mia kila mwezi, riba ni dollar 10 kwa mwezi. Kisha miezi mitatu unarudisha 230.

Ukikopa kwa Banque Lambert kwa 30 kwa mia kila mwezi, riba ni dollar 60 kwa mwezi. Kisha miezi mitatu, unarudisha 380. Na kama hukulipa riba kila mwezi, naye akaiongeza juu ya deni, mwezi wa kwanza unafika 260, wa pili 338, wa tatu karibu 440. Deni limepita mara mbili, na mtoto hajafika hata kwenye session ya pili.

Lakini angalieni jambo lingine, ambalo ni kubwa kuliko riba. Milango hii yote inatoa feza ya muda mfupi: miezi mitatu, sita, mwaka mmoja. Masomo yanachukua muda mrefu. Kwa mfumo wa LMD unaotumika sasa, licence ni miaka 3, na master miaka 2 juu yake. Faida inaanza kuonekana kisha miaka mitano ao sita, kama kazi inapatikana. Kwa hiyo anayelipa mkopo siyo yule aliyesoma. Anayelipa ni mama kwenye soko, kwa feza ya mtaji wake, wakati mtoto yuko bado mwaka wa kwanza. Tukikopa juu ya masomo, kweli tunakula biashara ya mama. Hii ndiyo inafanya mkopo wa masomo usifanane na mkopo wa kununua bidhaa: bidhaa inauzwa juma lijalo na deni linalipwa, lakini kijana wa mwaka wa kwanza hana cha kuuza.

Tanzania na Kenya wanafanya aje?

Majirani walijaribu kujibu shida hiyohiyo. Kenya ina bodi ya mikopo tangu 1995, inaitwa HELB. Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa sheria ya 2004. Uganda iliweka sheria yake katika 2014. Wazo ni moja: serikali inalipia mwanafunzi leo, na yeye mwenyewe analipa kesho wakati ana mshahara. Mama anabaki na mtaji wake.

Tanzania, mwajiri anakata deni moja kwa moja kwenye mshahara. Zamani ilikuwa 8 kwa mia, lakini tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 ni 15 kwa mia. Wafanyakazi walilalamika sana, zaidi juu ya tozo ya 6 kwa mia iliyoongezwa kila mwaka kulinda thamani ya mkopo. Katika 2021 rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Kwa hiyo hata kule, mkopo siyo zawadi. Kuna wanaokosa, kuna wanaopata nusu, na kuna wanaolipa miaka mingi.

Kwa nini kwetu haikuwezekana mpaka leo? Siyo juu ya uvivu peke yake. Mkopo wa namna hiyo unaomba nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni kumjua mtu. Tanzania inaangalia cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na inaomba mdhamini. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho katika 1984. Kwa watu wengi, kitambulisho ni kadi ya uchaguzi. Mtu akikopa Bukavu na akihamia Lubumbashi, ni nani atamfuata na kwa karatasi gani?

Nguzo ya pili ni mshahara unaopita njia inayoonekana. Ukitaka kukata 15 kwa mia, lazima kuwe na mshahara wa kukata. Vijana wetu wengi wenye diplome wanaishi kwa biashara ndogo, kwa moto, kwa duka la unités, ao ni nouvelles unités bila mshahara. Bodi ingekata wapi?

Nguzo ya tatu ni pesa inayosimama. Hii haisemwi mara nyingi, lakini ndiyo ngumu. Faranga ya Kongo ilipoanza katika 1998, dollar moja haikufika faranga mbili. Leo imepita 2.000. Tuchukue mfano wa karibu: katika 2015, dollar ilikuwa karibu faranga 920. Mwanafunzi aliyekopeshwa faranga 460.000 alipata sawa na dollar 500. Katika 2018, dollar ilipofika karibu 1.630, zile 460.000 zilikuwa dollar 280 tu. Mkopeshaji angekuwa amepoteza karibu nusu ndani ya miaka mitatu. Kama angekopesha kwa dollar, hasara ingekuwa ya mwanafunzi, kwa sababu mshahara wa serikali unalipwa kwa faranga. Pande zote mbili mtu mmoja anaumia. Ndiyo sababu benki zetu zinapenda mikopo mifupi.

Hii haimaanishi haiwezekani. Inamaanisha kwamba siku mwanasiasa atakuja kuahidi "mkopo kwa wanafunzi wote", maswali ya kumuuliza ni haya: feza itatoka kwenye mstari gani wa budget? Deni litakuwa kwa pesa gani? Asiyepata kazi atalipa aje, na itamsubiri muda gani? Bila majibu hayo, ahadi itaishia kwenye meeting.

Bourse: zipo, lakini ni chache

Bourse ni tofauti na mkopo, kwa sababu hairudishwi. Ile inayojulikana zaidi ni Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, iliyoanza 2019 kwa wale waliopita vizuri sana kwenye Exetat. Kuna BEBUC, iliyoundwa na profesa Gerhard Bringmann wa chuo kikuu cha Würzburg kule Ujerumani, inayofuata wanafunzi wenye points kubwa kwenye vyuo vya Kongo, pamoja na vya mashariki. Kwa ndugu zetu walio ukimbizini Uganda, Burundi, Rwanda ao Tanzania, kuna DAFI ya HCR, iliyoanza 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Hii ni kwa wakimbizi waliosajiliwa, na wanaiomba kule walikokimbilia.

Hesabu ya bourse zote hizo ni ndogo sana mbele ya vijana wanaopata diplome kila mwaka. Jaribuni, lakini msijenge mpango wa nyumba juu yake.

Na angalisho: mkopo wa bodi za Tanzania, Kenya na Uganda ni kwa raia wa inchi zile. Mtu akikuambia anaweza kukuingiza, ukilipa kwanza dollar 50 ao 100 ya "kufungua dossier", huyo anatafuta zile 50. Tena, kutumia kitambulisho cha inchi nyingine kwa uongo kunaweza kukupeleka kwenye jela.

Mbele ya kukopa, mambo sita ya kufanya

1. Omba orodha yote ya malipo, na siyo ya inscription tu. Nenda kwenye chuo, piga picha ya karatasi iliyobandikwa, uliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alilipa nini juu yake. Kisha zidisha kwa miaka yote, na uongeze chumba na chakula. Kama hesabu hiyo haitoshi hata kwa miaka mitatu, afadhali kuchagua filière fupi ao chuo cha karibu na nyumbani kuliko kuanza na kuacha.

2. Uliza kama chuo kinakubali kulipa kwa tranche, na omba tarehe kwa maandishi. Vyuo vingi vinakubali mzazi anayekuja mapema. Anayekuja siku ya mtihani anakuta mlango umefungwa.

3. Linganisha tarehe hizo na feza yako. Kama unaishi kwa shamba, mavuno ya msimu A yanafika kati ya Desemba na Januari, ya msimu B kati ya Juni na Julai. Kama uko kwenye AVEC, ombeni kikundi chenu kifunge mzunguko na kugawana mbele ya mwaka wa masomo kuanza, siyo Noeli. Kubadilisha tarehe hiyo hakugharimu kitu, na kunaweza kuokoa mwaka mzima wa mtoto.

4. Anza mapema. Mtoto akiingia mwaka wa saba, kuna miaka sita mpaka Exetat. Dollar moja kila juma ni 52 kwa mwaka, na 312 kwa miaka sita. Siyo feza ya chuo yote, lakini ni inscription na tranche ya kwanza bila kubisha kwa Banque Lambert. Weka kwa dollar ao kwa mbuzi, kulingana na usalama wa mahali unapoishi. Faranga ikikaa miaka sita ndani ya sanduku inapungua yenyewe.

5. Usilipe bila karatasi. Lipa kwenye konto ya chuo ao kwenye namba ya chuo ya mobile money, siyo kwenye mfuko wa mtu. Shika bordereau, piga picha, tuma kwa watu wawili wa familia. Tangu mabenki ya Goma na Bukavu kufunga milango mwanzo wa 2025, watu wengi wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Chunga ujumbe wa simu, na uhakikishe chuo kimeandika jina la mwanafunzi. Simu ikiibiwa bila reçu, utalipa mara ya pili.

6. Usiweke gage nyumba ambamo watoto wengine wanalala. Kama lazima kukopa, andikeni: kiasi, riba kwa mwezi, tarehe ya mwisho, na nini kitafanyika kama umechelewa. Tafuta washahidi wawili. Na kama ni deni la ndani ya familia, kaeni chini na kijana mwenyewe mbele ya kuanza: tunakupatia hiki, ukipata kazi utasomesha fulani miaka mingapi, halafu deni limekwisha. Hakuna haya katika kuyaandika.

Kijana naye ana sehemu yake. Wengi wanasoma asubuhi na jioni wanapanda moto, wanafundisha watoto wa jirani, wanauza unités, wanarudi shambani wakati wa vacances. Kazi hiyo ikilipa syllabus na chakula tu, imeondoa mzigo mkubwa kwa mzazi. Ila hesabu ya feza ibaki wazi kati yao. Mzazi ajue enrôlement ni lini, na kijana ajue feza ya tranche imetoka kwenye kisanduku gani na inapashwa kurudi tarehe gani.